Mkungu wa Pasaka ya Tatu

Nyirabahire alilima vibanja vya watu zaidi ya miaka kumi kabla ya kupata cha kwake. Kwetu kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na mtu asiye nacho huongelewa kama mpita njia, hata akikaa mpaka mvi zimtoke. Yeye na mumewe walitoka Rwanda. Mume akafariki, akabaki na mabinti wawili na jembe.

Mwishoni mwa 1984 nilifika Kimuli, ambayo siku hizi iko wilaya ya Kyerwa, nikifuata kazi ya kupogoa mibuni. Nilimkuta ana furaha kama mtu mwenye arusi. Mzee Aristides, mwenye ng'ombe na vilima vile, alikuwa amempa ardhi.

Ila ardhi yenyewe ilikuwa rweya, yaani ile mbuga ya nyasi ya vilimani: udongo mwembamba, changarawe, makao ya kanga wa porini na kwale. Mgomba ukiupanda pale ukauacha hivihivi, unadumaa. Na mzee alikuwa ameweka sharti mbele ya majirani.

"Nakupa Pasaka tatu," alisema. "Ya tatu nikikuta mkungu mmoja wa kushibisha nyumba, hapa ni pako na mabinti zako. Nikikuta nyasi, narudisha ng'ombe wangu."

"Asante, mzee wangu. Mkungu utauona."

Kemilembe, jirani yake wa bondeni, alicheka hadi akashika kiuno. "Mama wee! Hapo hata mbuzi wanapita mbio!"

Lakini vibanja vyote mnavyoviona vilikuwa rweya zamani. Wazee walibeba nyasi za vilimani kichwani, mwaka hadi mwaka, wakazitandaza chini ya migomba. Nyasi zikaoza, zikawa udongo. Ndizi tunayokula imekula kilima kwanza. Nyirabahire aliijua kazi hiyo, maana alikuwa ameifanya sana kwa wengine. Mzee akamruhusu kukata nyasi kwenye mteremko ulio juu ya shamba la mama huyo.

Mwaka wa kwanza alikata kwa mundu, vizuri kabisa. Mwaka wa pili, Pasaka ikikaribia na migomba bado myembamba kama fimbo, hofu ikamwingia. Akaacha mundu, akashika jembe, akawa anang'oa nyasi na mizizi yake, maana tita lilijaa upesi. Nilipita nikamwona, nikamsifu kwa bidii. Mpaka leo najilaumu kidogo.

Kemilembe ndiye aliyesema. "Utakinyoa hicho kilima mpaka kitoke damu."

"Nyasi zina miaka yote mbele yao," Nyirabahire akamjibu. "Mimi, baada ya hii, nimebakiza Pasaka moja."

Pasaka ya pili ikapita, ikaja mvua ya masika. Ilinyesha siku mbili, na siku ya tatu asubuhi mteremko ule mtupu ukaporomoka. Changarawe ikafunika safu zote za juu za migomba. Nyirabahire alikuwa ameketi kwenye tope, kanga imemganda mwilini, wala halii. Kemilembe akapanda kutoka bondeni.

"Nimekuja kukucheka," akasema, "ila nimekuja na jembe."

Walifukua siku nne. Migomba ya juu haikupona. Lakini safu ya chini kabisa, ambako maji yalipunguza mwendo, udongo mweusi wa kilima ulikuwa umelala mnene, unazamisha mguu. Migomba ya pale ikanenepa hadi watu wakawa wanasimama kuitazama. Kabla ya Krismasi mmoja ukatoa ua. Pasaka ya tatu ilikuta mkungu mzito, umeegemezwa nguzo mbili.

Jumatatu ya Pasaka Mzee Aristides akaja kwa njia ya chini. Kule mtu huona migomba tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaupapasa mkungu, akaukadiria kwa mikono, akacheka. "Umeshinda, mwanamke!"

Nyirabahire angenyamaza, mambo yangeishia pale. Kemilembe alikuwa anamkonyeza anyamaze. Nyirabahire akasema, "Sijashinda, mzee. Panda hapa juu uangalie."

Mzee akapanda. Mteremko ulikuwa mwekundu mtupu, kama kidonda.

"Kilima hiki nilikichimba kwa hofu," Nyirabahire akasema. "Mkungu ule umeota kwenye udongo wa kilima chako. Ukinifukuza, unifukuze ukijua ukweli."

"Jamani, mdomo wa huyu!" Kemilembe akanong'ona.

Mzee akaokota changarawe, akaiacha idondoke. "Ng'ombe wangu walikuwa wanakula hapa," akasema.

"Najua."

"Nilisema mkungu mmoja, na mkungu upo. Neno nililosema mbele za watu silirudishi, kibanja ni chako. Ila kilima hiki utakitunza mpaka kipone. Nyasi za kutandaza, katafute mbali."

Akatafuta mbali kweli, vilima vya upande wa Bugomora, anatoka alfajiri anarudi mchana na tita kichwani. Alikata kwa mundu, na kila alipokata ukanda mmoja aliuacha mwingine umesimama. Kwenye mteremko wake nyasi zilianza taratibu, kwanza pembeni mwa mawe. Kwale wakarudi. Kanga walichelewa.

Mwaka 1992 nilipita tena. Mteremko ulikuwa umejaa nyasi za kufika kifuani, naye ndiyo kwanza anatua tita la kutoka mbali, jasho linamtiririka.

"Mwambie wewe," Kemilembe akanipigia kelele. "Nyasi ziko mlangoni kwake, anajitesa bure!"

"Hizo ziache zipumzike," Nyirabahire akasema. "Mwaka ule nilizing'oa na mizizi, na ndizo zilizonilipia kibanja."

Akatuandalia ndizi na maharage. Akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu, akakishukuru na kilima kwa maneno machache ya lugha ya kwao Rwanda, halafu akatuambia tule kabla havijapoa.