Siku Nne za Inda

Kidoa cheusi kilikuwa kinatembea juu ya kola ya gauni la bibi harusi. Nikasimamisha cherehani. Gauni lilikuwa jeupe, la mteja wa Kicukiro, mtu wa kulalamika hata uzi ukinyooka, na nilikuwa nimebakiza pindo tu. Nikakibonyeza kidoa kwa ukucha, kikaacha alama ya damu. Nikaitoa kwa mate yangu mwenyewe, kama tunavyofanya mafundi, kisha nikaona kidoa kingine kwenye kifundo cha mkono wangu.

Nilijua vilikotoka. Pembeni mwa chumba kulikuwa na sanduku la mbao lenye wavu juu, na ndani yake aliishi chatu wa mume wangu.

Sitaki kujifanya mtu mwema. Nilimchukia yule chatu. Alikuwa wa mwalimu mzungu ambaye mume wangu alimwendeshea gari. Vita vilipoanza kaskazini, mzungu alifunga mizigo kwa siku moja, akasema ni wiki chache tu, akatuachia sanduku. Sasa ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya lori la Bujumbura, na kila aliporudi nyumbani kwetu Gatsata aliinamia sanduku kabla hajanisalimia. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Siku moja tulipogombana akasema, "Huyu angalau amekubali kulelewa na mimi." Maneno hayo niliyameza, na hayakusagika.

Jumanne hiyo nilifunua wavu. Chatu, ambaye urefu wake haukufikia kitanda, alikuwa amejizamisha kwenye beseni lake la maji, kichwa tu ndicho kiko nje. Siku kumi alikuwa amekataa panya. Maji yalijaa vidoa kama yamenyunyiziwa pilipili manga. Nilipoinama zaidi nikaona wadudu hai wamejipanga kuzunguka macho yake, chini ya kidevu, kila penye upenyo kati ya magamba. Utitiri, ule wa kuku au ndugu yake. Walikuwa wanamnyonya hadi afe. Nikapiga ukelele.

Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye, alikuwa uani anachambua maharage. "Ufite iki?" akauliza kwa Kinyarwanda kupitia dirishani. Una nini?

"Inda!" nikajibu. "Ni inda, Mama!"

Kwa Kinyarwanda inda ni chawa, na inda ni mimba. Herufi ni zilezile, kinachotenganisha ni sauti kupanda na kushuka, na mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya Kiswahili sijawahi kuishika vizuri sauti hiyo. Nilikosa jina la utitiri, nikasema chawa. Yeye akasikia jingine.

Ungo wa maharage ukaanguka. Zikafuata impundu, vigelegele vya kwao, na jirani wa nyuma ya ua akaitikia kabla hata hajajua sababu. Mama mkwe akaingia machozi yakimtoka, akanishika uso kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi, mukazana wangu, muke ya mutoto wangu. Mungu iko mukubwa."

Nilikuwa na nafasi ya kumsahihisha, nikaiacha ipite. Miaka mitatu yule mama hakuwa amenigusa hata bega.

Basi nikaishi siku mbili kama malkia mwizi. Niliamkiwa na maziwa ya moto. Nilinyang'anywa ndoo. Wanawake walionipita kisimani kama kichaka walisimama kuniuliza hali, nami niliwajibu kwa aibu. Mama mkwe akitoka, mimi mbio kwenye sanduku. Nilichoma maranda yote aliyolalia. Nilimloweka chatu kwenye maji ya uvuguvugu, nikamfuta kwa kipande cha flaneli chenye mafuta ya kupikia, polepole, kutoka shingoni kwenda mkiani. Mayai ya utitiri yalijificha kwenye nyufa za mbao, nikayapitishia ncha ya pasi ya makaa mpaka yakatatarika. Kisha nikatandika mabaki meupe ya lile gauni, ili kidoa kikibaki nikione.

Kwenye macho flaneli haikufika. Nilitumia sindano. Nyoka hana kope, hawezi hata kufumba, na yule alinitazama muda wote ncha ikipita karibu na jicho lake, asitikisike.

Alhamisi asubuhi mama mkwe aliingia na kidumu cha mafuta ya taa.

"Nyumba ya mwenye inda haikai nyoka," akasema. "Mutoto atatoka na magamba. Weye kaa chini, mimi itamaliza hii kitu. Bwana wako akirudi, tunamwambia imekufa na njaa."

Hapo ndipo nilipojijua. Nikapima. Chatu afe, mume wangu akose cha kuinamia. Mimi nibaki na maziwa yangu, halafu baada ya wiki chache niseme mimba imetoka. Nani angenilaumu? Nilikuwa nimeshaikata hila yote kichwani, imebaki kushona. Yeye akaanza kufungua kifuniko, na harufu ya mafuta ikanifika.

"Mama, si mimi," nikasema. "Inda ni za nyoka. Nilimaanisha chawa."

"Chawa?"

"Chawa, Mama. Mimi sina kitu."

Akakifunga kidumu taratibu sana, kama anayefunga chupa ya dawa. Nilingoja matusi. Ningeyapokea.

"Nimemutumia bwana wako habali," akasema. "Jana, kwa deleva wa loli ingine."

Tukakaa sakafuni wote wawili, sanduku katikati yetu.

"Nyoka itapona?" akauliza baadaye.

"Anaweza, tukirudia kumsafisha."

"Basi ipone. Hatuwezi kumukosesha vyote mbili." Na yule mama, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kulisogelea sanduku kwa woga, akakunja mikono ya gauni akashika beseni. Maji yakamwagika, lakini hakuliachia.

Ijumaa mchana tulisikia honi ya lori ikipanda kutoka Nyabugogo. Mume wangu alipiga honi njia nzima, yeye ambaye hakuwa mtu wa makelele. Aliingia mbio. Kwa mara ya kwanza hakulitazama sanduku. Alikuwa na mbeleko mpya, ya manjano, akanitandikia begani palepale.

"Ni kweli?" akauliza.

Chatu alikuwa mikononi mwangu, mkavu, hana hata kidoa kimoja. Mama mkwe aligeukia ukuta.

"Inda zilikuwa za huyu. Amepona," nikamwambia.

Alimtazama chatu, akanitazama mimi, na nikaona furaha ikimtoka usoni. Hakunifokea. Aliketi kwenye stuli ya cherehani, akampokea nyoka wake mapajani, akamgusa kuzunguka macho.

"Umempaka nini?"

"Mafuta ya kupikia."

"Vizuri," akasema. Mbeleko ilikuwa bado begani kwangu. Hakuna kati yetu watatu aliyethubutu kuiondoa.