Bibi Alipousafisha Mkanda

Kamera zilikuwa mbili juu ya kaunta. Moja ya plastiki, nyepesi kama sahani ya sherehe, ya kubonyeza tu. Nyingine ya chuma, nzito, yenye namba kila mahali, na kila kitu unarekebisha mwenyewe. Mpiga picha mmoja mzee wa Singida mjini, ambaye bado alitumia mikanda ya filamu wakati wenzake wote wamehamia kwenye simu, alinisukumia ile ya plastiki.

"Wewe ndiyo kwanza unaanza. Hii mkanda ukiisha inaurudisha yenyewe ndani ya kopo lake. Ile ya chuma usipozungusha kwa mkono, mkanda unabaki nje. Ukifungua tu, mwanga umekula picha zote."

"Naomba ya chuma, mzee."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za mwanga, subira na nafsi ya mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ninasomea uchungaji. Sikumwambia ukweli: nilijitazama kwenye kioo cha kabati lake, chuma kikiwa shingoni, nikamwona mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa na sura mbili, na ya pili ilikuwa ile ya kwanza iliyoandikwa upya.

Kazi ya kamera ile ya kuazima ilikuwa moja. Bibi yangu wa Sepuka alitaka picha ya kuwekwa kwenye msiba wake. Aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho tu. "Pale nimenuna," alisema. "Watu watadhani nimechukia walivyokuja kunizika."

Nikaenda Jumamosi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umefungwa kengele kama ng'ombe?"

Niliuweka mkanda kwenye kamera mbele yake, nikimwonyesha pa kuvuta ili mgongo wa kamera ufunguke, kwa maelezo marefu ambayo hakuyaomba. Nikampiga mlangoni, kando ya jiwe analoanikia mtama, mbele ya alizeti. Kila picha niliitafakari hadi kuku wakapita, wakarudi. Kwenye ya mwisho upepo ulimvua kilemba, akacheka kinywa wazi. Nikajua hiyo ndiyo yenyewe.

"Nizione," akasema.

"Bado, bibi. Zimo humu ndani, ila hazijasafishwa."

Nikaiacha kamera kitandani, mkanda sijaurudisha, nikaenda kumsalimia jirani. Kichwani nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu kicheko cha bibi, na nilikuwa nikiilinda isinitoroke.

Niliporudi, mkanda ulikuwa kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na kanga, umebanwa kwa vibanio, ukimeta juani na kudondosha povu.

"Nimekusafishia," bibi akasema, akijifuta mikono. "Uchafu gani ule, mume wangu! Nimesugua wee, hautoki."

Kwa wapiga picha, kusafisha ni kuutia mkanda kwenye dawa, gizani. Kwa bibi ni maji na sabuni, na bibi ndiye anayekijua Kiswahili. Mimi, mtu wa maneno, nilikuwa nimemfafanulia kila skrubu ya kamera ile, nikaliacha neno moja lililohitaji maelezo.

Nikamwambia ukweli. Akautazama mkanda ukiyumba na upepo.

"Kwa hiyo nimejifua mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

"Basi rudi. Ila usichelewe, mimi sikai sana."

Kule studio yule mzee hakunicheka usoni. Aliingia kwanza chumba cha nyuma, nikamsikia akikohoa muda mrefu. Alipotoka, aliichukua ya chuma na kunivalisha ile ya plastiki.

Jumamosi iliyofuata bibi alikaa kitini, uso ukaanza kununa kama kwenye kitambulisho. "Bibi," nikasema, "sabuni umeficha?" Akacheka, nikabonyeza. Sikutafakari chochote. Mkanda ulipoisha kamera ikaunguruma, ikaurudisha yenyewe.

Picha ilitoka vizuri. Bibi aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mwangani, akatikisa kichwa.

"Ya msiba siyo hii. Wakiniona nacheka hivi, nani atalia? Hii tundika ukutani. Ile nyingine utakuja kunipiga."

"Lini sasa?"

"Haraka ya nini, mume wangu?"