Picha ya Mama Esnath

Ambindwile alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, hata kidogo. Ni ule wa mtu aliyeanza kupiga picha Tukuyu enzi za filamu, akafika siku hizi ambapo kila mwenye simu ni fundi, na magoti yanamlalamikia kabla hajashuka kwenye bodaboda. Ila Obed alimwita kijijini Kisondela ampige mama yake picha, na kazi zenyewe siku hizi ni za kuokota. Akaenda.

Alimkuta Mama Esnath ameketishwa uani, kitenge kipya, sweta limefungwa mpaka shingoni, anatetemeka. Ukungu ulikuwa umejaa migombani.

"Tunasubiri jua," Obed alisema. "Nataka Mlima Rungwe uonekane nyuma yake. Nimetoka Dar kwa ajili hiyo."

Jamani! Kusubiri jua Rungwe, si utaota mizizi hapo ulipokaa? Ambindwile alijikaza kueleza, ingawa maneno hayo alishayasema kwenye kila harusi na kila kipaimara, na hakuna aliyewahi kumsikiliza. "Mwanga mzuri ndio huu, Bwana Obed. Wingu linautandaza, uso wote unaonekana. Jua la mchana linachimba mashimo machoni."

"Mzee, watu watasema nimempiga mama picha jikoni kwenye moshi."

Basi wakasubiri. Obed alipokwenda kuongea na simu, mama alimwita Ambindwile kwa mkono, akafungua leso, akatoa picha ndogo iliyochakaa. Ilikuwa ya marehemu dada yake, Tusekile, na ndiyo pekee aliyoiacha. Alisimama katikati ya jua kali, paji la uso linang'aa, na mahali pa macho ni giza tupu.

"Nimemsahau, baba," mama alisema. "Dada yangu wa tumbo moja, sura yake imenitoka. Naangalia hapa, simwoni. Na mimi naumwa, najua ninakokwenda. Sitaki wajukuu wanitafute namna hii."

 Ambindwile akairudisha picha kwenye leso kwa mikono miwili.

Mara jua likatoka, jeupe, la utosini. Obed akaja mbio. "Sasa! Sasa, mzee!" Ambindwile akapiga alivyoagizwa. Obed akachungulia kioo cha kamera, akafurahi kama aliyeuumba mlima mwenyewe, maana ulionekana wote, mpaka mabonde yake. Akaondoka kuwapigia ndugu zake simu.

Mama naye akaomba kuona. Akatazama weee, kisha akauliza taratibu, "Huyu ni mimi, au ni Tusekile?"

Ambindwile alikuwa na kila sababu ya kufunga begi lake. Kule barabarani bodaboda alishaanza kupiga honi. Akashusha pumzi. "Haya mama, inuka. Tujaribu tena."

Akamshika mkono, akamwongoza mpaka mlangoni, pale kivuli kinapoanzia, mgongo kwenye giza la nyumba, uso ukielekea uani. Akafuta lenzi kwa upindo wa shati. Akangoja wingu lirudi, na wingu la Rungwe halikawii.

"Tazama huku, mama, kama vile Tusekile ndiye anayeingia."

Mama akatazama. Ambindwile akapiga.

Akaisafisha picha ile nakala mbili, moja akampa mama, moja akampelekea Obed. Obed akaikataa, eti haina mlima.

Parachichi za msimu ule hazijaisha, Ambindwile akaitwa tena Kisondela, safari hii msibani. Juu ya jeneza palisimama picha kubwa yenye mlima. Kina mama walikuja kuaga, wanaitazama, wanatazamana. Mmoja akashindwa kujizuia. "Ndiye Mama Esnath huyu? Mbona hana macho?"

Obed alisikia. Akainama.

 Hata hasira Ambindwile alikuwa amechoka nayo. Alifungua begi, akatoa ile aliyokataliwa, akamkabidhi. Obed akaishika. Mama yake alikuwa akimtazama, macho mawili, hai kabisa, kama anataka kumuuliza amekula. Obed alilia kwa sauti mbele ya watu wote, mtu mzima yule.

Alipotulia, akaenda kusimama mlangoni, palepale, picha kifuani. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Nipige naye hapahapa, mzee," alisema. "Usisubiri jua."