Siku Niliyochomoa Programu ya Upendo

Mimi Tabu binti Asadi, wa Ufukoni, Mtwara, ndiye bibi wa kwanza mtaani kwetu kutengeneza programu ya kompyuta.

Haya, nimedanganya. Mimi ndiye wa kwanza kuichomoa ukutani.

Darasa la saba nilimaliza, msinicheke.

Ilikuwa mwaka 2006. Mume wetu Hassani alikuwa ameshatangulia. Katuachia nyumba moja yenye milango miwili: mmoja wangu, mmoja wa mke mwenzangu, Fatuma.

Mume tulimzika. Wivu ukabaki hai, tena una afya.

Mimi nilikuwa na friza kuukuu, umeme ukikatika kidogo tu inayeyusha, nauza barafu za ukwaju. Na nilikuwa na mpangaji, Upendo, mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini Ziwani, katoka Iringa. Binti ana adabu, shikamoo yake inashuka hadi magotini. Nikamfanya mwanangu.

Siku moja karudi na kompyuta ya shule, kubwa, ina kisogo kama sufuria ya pilau ya harusini.

Chumbani kwake bati linavuja. Akaiweka wapi?

Kwa Fatuma!

Fatuma akatoa meza yake ya kukatia nguo. Akatoa feni. Akatoa na kitambaa cha kufumwa, kompyuta ikafunikwa kama bibi harusi.

Mimi huku nakata vitunguu, machozi yanitoka. Vilikuwa vitunguu viwili tu.

Jioni nikajipitisha. "Hapo mnafanya nini?"

"Natengeneza sehemu ya kazi, Bibi," Upendo kasema, anapanga santuri za kompyuta zilizokuja kwa posta. "Hii ni programu ya kuandikisha wanafunzi. Haina tajiri. Walioiandika wameiacha wazi, kama mtu akupe pilau na namna alivyolipika. Ukiona chumvi imezidi, unarekebisha, unawarudishia wote."

"Na hii imezidi chumvi wapi?"

"Inataka tarehe ya kuzaliwa. Bila tarehe, mtoto haandikishwi."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Watoto wa Ziwani wana tarehe? Mama anakwambia, "Huyu nilimzaa korosho zinaokotwa, mwaka ule wa mvua nyingi." Basi.

Nikamkalisha Upendo, nikamtajia misimu yote: kupalilia, kuvuna mtama, kupulizia mikorosho, kuokota korosho. Akaandika. Akasema atashona kiraka, programu ikubali na msimu.

Fatuma kazi yake ilikuwa kuigeuzia kompyuta feni.

Wiki tatu walikuwa wanacheka humo ndani. Nikipita, kicheko kinakata. Au mimi ndiye nilisikia kimekata, sijui.

Ikafika Ijumaa. Mwalimu mkuu, Stefano, alikuwa amempa Upendo hadi siku hiyo alasiri. Programu isipofanya kazi, kompyuta inarudi kufungiwa stoo.

Asubuhi Upendo akatuita. "Nimeanza kuijenga programu na kiraka chake. Mashine hii nzee, itachukua mpaka saa nane mchana. Nawaomba msiguse kitu. Ikizimika katikati, naanza upya."

Kisha akamgeukia Fatuma, anatabasamu. "Jina lako nimeliweka humo ndani, Bi Fatuma. Kwenye shukrani. Walimwengu wote watalisoma."

Jina la Fatuma! Misimu nitaje mimi, shukrani apate yeye?

Upendo akaenda shule. Fatuma akaenda mazishini Ziwani, kafunga mlango kwa kamba tu.

Saa nne nilikuwa peke yangu. Nikaingia. Mashine inanguruma, maandishi yanakimbia kwenye kioo kama siafu.

Nikaiambia, "Na wewe unajidai."

Nikavuta waya. Kimya.

Nikarudi kwangu nikalala. Usingizi haukuja.

Saa nane Upendo akaingia. Sikusikia kelele. Nilisikia kiti tu.

Nikaenda, uso wa msiba. "Pole mwanangu. Umeme ulikatika tangu saa nne. Mtaa mzima! Umerudi sasa hivi."

Waya nilikuwa nimesharudisha. Mimi si mjinga.

Akaiwasha. Akafungua ukurasa mmoja.

"Basi nisomee Bibi walau hili. Nilitaka ulione limekamilika."

Nikavaa miwani.

*Shukrani: kwa Bi Tabu wa Ufukoni, mwalimu wetu wa misimu. Na kwa Bi Fatuma, aliyetupatia meza.*

Wa kwanza mimi. Mwalimu! Yeye meza.

Walikuwa wanaficha nisijue kabla ya siku. Ndiyo maana kicheko kilikuwa kinakata.

Nikavua miwani.

"Hodi!" Mwalimu Stefano huyo mlangoni, jasho linamchuruzika. "Shikamoo Bi Tabu. Haya Upendo, iko wapi?"

Upendo akainamisha kichwa. "Umeme ulikatika tangu saa nne, Mwalimu. Mtaa mzima."

Uongo wangu, katika mdomo wake safi.

"Aa, hilo si kosa lako," akasema. "Nakuongezea siku mbili. Bi Tabu, jua hili litaniua, nipatie barafu moja."

Mazoea ya biashara, ndugu zangu! Mguu ukatangulia, akili ikabaki nyuma. Nikafungua friza, nikamletea.

Akang'ata. Akashika shavu.

"Mbona jiwe?"

Akaigonga mezani. Ko! Ko!

Mwalimu akaitazama barafu. Kisha akamtazama Upendo, si mimi. Macho ya mtu aliyedanganywa.

Upendo naye akaitazama barafu. Yeye akanitazama mimi.

Kunyamaza ningeweza. Lakini ule uongo ulikuwa unahamia kwa mtoto wa watu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliuchomoa waya."

Mwalimu akafuta mdomo. "Siku mbili ziko palepale. Ila bibi huyu akae mbali na ukuta."

Wanangu, wivu utakuchomolea hata sifa zako mwenyewe.

Na ukitaka kusingizia umeme, kwanza yeyusha barafu.