Waya Alipoomba kwa Kiswahili cha Sokoni

Jumatano ya wiki ya pili ya mwezi wa Juni mwaka huu tulimpoteza Waya, dada mkubwa wa baba yangu, hospitalini Homa Bay. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi wa upande wa baba, na mimi sikuwahi kumwita vingine. Nilipewa nguo zake kwenye mfuko, nikaja nazo hadi kwangu Migori, na nilipoufungua nikatoa leso yake ya manjano. Ilikuwa imefuliwa, lakini chini ya sabuni ile harufu ya mafuta ya kukaangia samaki ilikuwa bado imekaa, kama mwenye nyumba. Nilicheka peke yangu. Nawaambia ukweli, kicheko kilitangulia machozi.

Waya alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki nyama ikishatolewa, kando ya barabara pale Kendu Bay. Nilikaa naye nilipokuwa darasa la tatu. Baba alikuwa ameshakufa, na mama alikuwa amekwenda kisiwa cha Remba kufanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, maana shamba peke yake halikutosha kutulisha. Alisema atarudi mvua zikianza. Simu hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni maombi ya jioni.

Kanisani kwetu akina mama walikuwa wamekubaliana kwamba kila nyumba iombe kila siku, hata kama aliyemo ni mmoja. Waya alilishika jambo hilo kwa moyo wote. Jua likianza kuteremka alifunika karai, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akatandika mkeka, tukapiga magoti. Shida ni kwamba Waya hakujua kutulia katika maombi. Nasema hivi nikimpenda. Alianza vizuri, kwa Dholuo kizuri cha kanisani, akimsifu Nyasaye aliyeumba ziwa na nchi kavu. Akawaombea wagonjwa, akamwombea pasta na mke wake. Halafu akafika kwa mama yangu, na hapo ndipo alipopotea.

"Baba, umlinde min Akinyi kule Remba," alisema, yaani mama yake Akinyi, ambaye ni mimi. "Umfunike kwa mkono wako kule Remba, kwenye omena. Na omena mwaka huu imekuwa ndogo. Hata mafuta yamepanda, na yule wa kuni hakuja jana, sijui kesho nitawasha nini. Amina."

"Amina," nilijibu, lakini roho yangu ilibaki juu.

Ninyi mnaosoma mnaweza kuona ni jambo la kuchekesha. Mimi sikucheka. Katika akili yangu ya miaka ile, jina likiachwa katikati ya maombi, mwenye jina naye ameachwa katikati ya maji. Kila jioni nilimwona mama amesimama ndani ya mtumbwi, amenyoosha mkono, na Waya amegeuka kuulizia kuni.

Siku moja nilivumilia nikashindwa. Nikamwambia, "Waya, mama hujamaliza kumwombea. Umeenda kwa kuni."

Nilitegemea kofi. Waya alinitazama, akatazama mlango, akanitazama tena.

"Nimeenda kwa kuni kweli?"

"Na jana ulienda kwa bei ya chumvi."

"Wewe mtoto, unaomba ama unanichunga?"

"Nakuchunga."

Alikaa akafikiri, kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi nichunge vizuri, nyar owadwa," akasema, maana yake binti wa ndugu yangu. Akanipa mwiko. Nikisikia ametoka njiani, nimgonge goti.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta njia. Mwiko haukufaa. Kila nilipomgonga alifungua macho, akauona ule mwiko, na akakumbuka samaki. Tukajaribu kuomba tumesimama tukiutazama ukuta, lakini ukuta ulikuwa na ufa, na Waya akamweleza Mungu habari ya fundi aliyeuziba vibaya. Tukajaribu kuomba tukitembea kwenda kuteka maji. Hapo ndipo hatukufika popote, kwa sababu Waya alijulikana na kila mtu, na katikati ya "utusamehe makosa yetu" alikuwa akisema "habari ya nyumbani" kwa mwenye punda. Wazo la kuweka ndala kuukuu ya mama juu ya mkeka lilikuwa langu, ili tumwone mbele yetu. Waya aliishika, akaigeuza, akasema soli hii bado ni nzuri, inahitaji uzi tu. Akaenda kutafuta sindano.

Yote hayo tulikuwa tukiyafanya kwa furaha, na kusema kweli sijawahi kuomba kwa furaha namna ile tena. Halafu upepo ukaja. Ulivuma mchana kutwa, ziwa likawa la rangi ya majivu, na kesho yake watu sokoni wakasema kuna mtumbwi umepinduka, ulikuwa unatoka upande wa visiwa. Watu waliokuwamo hakuna aliyewajua. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na mama alikuwa amesema mvua zikianza.

Jioni hiyo Waya alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Tukapiga magoti. Alimsifu Nyasaye, akawaombea wagonjwa, akafika kwa mama, na nikamsikia akivuta pumzi ya kuelekea kwenye omena. Nilianza kulia kabla hajafika.

Waya akafungua macho. Kisha akasema, polepole, "Hii Dholuo inajua njia yenyewe. Inatembea bila mimi. Wacha nijaribu Kiswahili."

Sasa ni lazima niwaambie kuhusu Kiswahili cha Waya. Nyumbani hakukitumia, na kanisani hakukitumia. Kiswahili alikitumia mahali pamoja tu, dukani kwa Mzee Salim, mfanyabiashara aliyetoka Pwani miaka mingi nyuma, ambaye alimuuzia mafuta. Kila neno alilolijua alilipata akibishana naye. Hakuwa na Kiswahili cha kusifu wala cha kutubu. Alikuwa na Kiswahili cha kushusha bei tu.

Alifunga macho, akakunja uso, akaanza.

"Mungu. Mimi nakuja kwako kila siku. Mimi si kastama ya leo. Hii mama ya Akinyi, mimi nataka yeye. Mzima. Usinipatie nusu. Usiniambie kesho, kesho." Alitulia, akitafuta neno, na kwa kulitafuta hakupata nafasi ya kwenda kokote. "Wewe iko na watu mingi. Mimi iko na huyu moja. Angalia mimi vizuri. Mimi sitoki hapa. Hiyo haiwezekani. Hapana. Rudisha hapo."

Sauti ilipanda. Mikono yake ilikuwa imeshika kiuno, huku amepiga magoti vilevile. Nilifungua jicho moja, na niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Hakuna kuni iliyotajwa, wala mafuta.

Mara mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Salim, kofia mkononi, akitoka kufunga duka. Alikuwa amesikia kelele tangu barabarani.

"Mama, samahani," alisema. "Muachie kidogo. Pengine mwenzio hana."

"Nani?" Waya akauliza.

"Huyo mnayebishana. Sauti imefika mpaka kwa washona viatu."

"Ni Mungu."

Mzee Salim alitazama mkeka, akanitazama mimi na makamasi yangu. Waya akamweleza kwa maneno machache habari ya mtumbwi na ya mama. Mzee akaivaa kofia yake.

"Basi usimuachie," akasema, na akaenda zake.

Tulimaliza maombi. Safari hiyo "Amina" yangu ilitoka na kushuka hadi tumboni, na nikalala.

Baada ya hapo maombi ya mama yalikuwa ya Kiswahili kila jioni. Waya aliwaombea wengine kwa Dholuo, akifika kwa mama alibadilisha, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia. Watoto wa jirani walikuja kusikiliza nyuma ya nyumba, wakaigiza shuleni: "Mimi si kastama ya leo." Waya alijua, na hakujali.

Mama alirudi wakati wa mchana, siku ya soko, nguo zimelowa hadi magotini na begi kichwani. Mtumbwi uliopinduka haukuwa wake. Upepo uliwazuia tu kisiwani. Mimi nilimwona kwanza nikapiga yowe. Waya alikuwa na karai limejaa na watu wamesimama wakingoja. Alimtazama mama, akamtazama tena, kisha akavuta kuni zote kutoka motoni, akaziacha chini zikifuka moshi, na samaki ndani ya karai wakiwa bado wabichi.

"Umekonda," alimwambia. "Huko Remba hawali?"

"Wanakula omena, Waya," mama akajibu. Na yeye alimwita hivyo kwa sababu yangu.

Waya akakaa chini, kwenye vumbi, mbele ya kastama zake wote, na hakuinuka kwa muda mrefu. Mmoja akauliza kama leo hakuna samaki.

Nilikuwa mtu mzima, karibu kuolewa, mama aliponieleza kitu ambacho Kendu Bay yote ilikuwa inajua isipokuwa mimi. Mume wa Waya alikwenda kuvua upande wa Remba, na mtumbwi ulirudi bila yeye. Nilijua tu kwamba alikuwa amekufa. Watoto hatukuambiwa wapi. Ndipo nilipoelewa kwamba miezi ile yote nilikuwa nimemwelewa vibaya. Nilidhani akili yake ilivutwa na mafuta na kuni. Kumbe ilikuwa inakimbia. Ikifika pale penye jina la mtu aliye majini ilikuwa haiwezi kusimama, inatafuta chochote cha karibu cha kushika. Kiswahili hakikuwa na kumbukumbu ya mume wake. Hakuwahi kumlilia mtu kwa lugha ile. Ndani yake angeweza kusimama akabishana.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nane, na sina mafundisho ya kumpa mtu kuhusu maombi. Naweza kuwaambia tu yaliyotokea jana. Jioni nilitandika mkeka, nikaomba kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya mama ambaye miguu inamsumbua, na nilipofika kwa Waya, kumshukuru Mungu kwa maisha yake, nikakumbuka kwamba sijafunga kuku. Nikainuka, nikatoka nje. Kuku walikuwa wamefungwa. Nilisimama pale kwenye banda nikiwa nimeshika komeo. Halafu nikarudi ndani, nikapiga magoti, nikalitaja jina lake tena.