Shali Yenye Harufu ya Sabuni

Siri ya marehemu ni ya nani? Swali hilo limeninyima usingizi tangu Maskati: kwenye ndege, kwenye mkeka wa jamaa zetu wa Unguja nilikolala kusubiri boti ya Pemba, na hata boti ilipoingia mkondo wa Nungwi na mhudumu kuanza kugawa mifuko myeusi ya kutapikia. Shangazi yangu alinialika kwake nipumzike baada ya kumaliza chuo. Nimerudi nimechoka kuliko nilivyokwenda.

Abiria wa pembeni yangu alikata ndimu ili anuse. Harufu ile ikanirudisha kwenye safari kama hii, nikiwa na miaka minane.

Bibi alikuwa amenichukua kwenda Maskati kumwona shangazi aliyejifungua. Siku ya kurudi alikuja mtoto wa jirani yetu wa Tumbe, ambaye alikuwa akifanya kazi Maskati, na kifurushi cha kumpelekea mama yake. Ilikuwa shali. Alikuwa ameifukiza udi mpaka chumba kizima kikajua. Mikono ya bibi ilijaa halua na tende, kwa hiyo akanipa mimi niibebe. "Amana haifunguliwi njiani," aliniambia, "hata ikiwa mawe."

Ndugu yangu, safari ile haikuwa na mwisho. Ndege mbili, viti vya chuma, foleni, kisha boti yenye upepo uliopenya mpaka mifupani. Bibi aliposinzia, nilifungua kifurushi nikajifunika. Kabla hatujauvuka mkondo, nilikuwa nimeitapikia yote.

Hakunipiga. Tulifika Tumbe jioni, wanawake wakianua dagaa, na kabla hajasalimiana na watu vizuri aliifua shali kwa sabuni ya mche, mara tatu, akaianika nyuma ya jiko chini ya kanga zake. "Nyamaza tu," alisema. "Nguo kavu haisemi."

Ikasema. Asubuhi bibi alimpelekea jirani, naye akaifungua mbele ya watu, akazika pua yake humo. Kisha akacheka, maana huyo ni mtu wa mzaha.

"Kumbe na Maskati kuna sabuni ya mche! Ntoto wangu kaninunulia ntumba, kaufua, kauleta."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Kwa simu jirani alimshukuru mwanawe tu, mtu hahoji zawadi. Lakini hakuivaa hata siku moja, si Idi, si harusini.

Sasa mwanawe mvi zimemwanza. Juzi alinipa kikopo cha udi nimpelekee mama yake, akaniuliza, "Ile shali huivaa?" Nikajibu, "Huivaa sana." Tangu hapo sijatulia. Nikisema, namwaibisha bibi kwa jirani aliyemwosha siku ya mauti yake. Nikinyamaza, mama huyo atakufa akiamini alinunuliwa mtumba. Niliandika kwenye simu sentensi ya kwanza ya kumwambia, nikaifuta, nikaiandika tena. Mkoani, Chake Chake, Konde, vidole bado vinafuta.

Nyumbani jiko la bibi limevunjwa, sasa pana ukuta wa matofali. Kamba ya nguo haipo. Harufu ya halua kwenye kanga zake haipo, na aliyeniambia ninyamaze hayupo pia. Hapa Tumbe tumebaki wawili tunaoijua ile shali, na mmoja anaijua vibaya.

Niliacha begi mlangoni petu bila kuingia, nikapiga hodi kwa jirani.

"Karibu! Ndo weye? Mbona wakonda, Maskati hawali?"

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. N'letee tende kwanza, habari baadaye."

Sentensi zote nilizozipanga zilikimbia. "Bi, ile shali haikuwa mtumba. Ilikuwa mpya, mwanao aliifukiza udi. Mimi niliitapikia kwenye boti, bibi akaifua, tukanyamaza."

Alinitazama mpaka nikatamani mkondo wa Nungwi.

"Bibi yako," alisema mwishowe, taratibu. "Na mie siku ile nacheka, naye anacheka nami! Mungu amrehemu, mwongo yule."

Akaingia ndani, akakaa huko. Alipotoka aliibeba shali, ingali na mikunjo ya miaka yote, macho yake mekundu.

"Makaa yapo jikoni," alisema. "Weye ndo uliyeitoa harufu yake. Irudishe."

Nikatia makaa kwenye chetezo, nikafungua kikopo, nikatia udi, nikaitandaza shali juu ya moshi.