Abiria wa Gurudumu la Spea

Nyie mnaosema mambo haya huwatokea watu wasiosoma tu, nisikilizeni mimi niliyesoma. Nina diploma ya ufundi mitambo niliyoipata Bulgaria, nchi ambayo wakati wa baridi mto unakuwa mgumu kama saruji. Baba yangu hakuwa na ng'ombe wa kuuza anilipie ada. Nilichoma mkaa, nikauza karanga, nikafika huko kwa jasho langu mwenyewe. Haya si majivuno, na kama ni majivuno basi nimeyafanyia kazi. Nataka tu mjue kwamba aliyeyaona haya si mtu wa kutishwa na bundi.

Nilirudi Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikafungua karakana ya kuchomelea vyuma pale Makanyagio, nikajenga nyumba na kumleta mama yangu kutoka Magamba. Jambo moja tu lilikuwa bado: mashindano ya baiskeli ya wilaya. Kila mwaka walishinda vijana wa Kisukuma, wale ambao wazazi wao walihamia kwetu na ng'ombe, na kila mwaka walitucheka mpaka tunafika nyumbani. Nikaapa kwamba safari hii watamwona mwenye diploma.

Lakini ilikuwa masika, na barabara zetu wakati wa masika mnazijua. Nikakumbuka Bulgaria, ambako wakati wa theluji watu hufanya mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba. Nikachomelea kiunzi cha chuma cha kuinua gurudumu la nyuma, na chini yake nikaweka rola inayokandamiza tairi. Unakaa sebuleni, unapiga pedali mpaka jasho linakutoka, na baiskeli haiendi popote.

Tatizo, rola inakula tairi. Ukitumia tairi zuri lenye meno, litanguruma kama mashine ya kusaga na litaisha kabla ya mashindano. Ndiyo maana mtu mwenye akili hutafuta gurudumu la nyuma la spea, akalivika tairi kipara, akalitumia ndani tu. La kwangu nililipata sokoni kwa kijana mmoja wa Mwese, ambaye alionekana ana haraka ya kuuza. Friwili yake ilikuwa sawa na yangu, mnyororo ukakaa bila ubishi. Nilipofungua katikati nikakuta mchanga wa mtoni umejaa kwenye gololi. Nikasafisha, nikatia grisi, nikakaza spoku moja moja. Lilipozunguka halikuyumba hata kidogo. Kwa kazi hiyo, niamini, Mpanda nzima sikuwa na mpinzani.

Mama alikuja na mchele wake wa kuchambua, akanitazama ninavyotoka jasho.

"Baba," akasema, "ndiyo walichokufundisha huko? Kwenda bila kufika?"

Nilicheka. Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu baiskeli ikaanza kuwa nzito.

Kila aliyewahi kupakia mtu kwenye keria anaujua uzito huo. Haufanani na wa breki iliyokaza wala wa mnyororo mkavu. Baiskeli inazama kidogo nyuma, inatikisika mtu anapojiweka sawa, halafu mapaja yako yanapata habari. Nililegeza rola. Nikakagua gololi. Nikarudisha gurudumu langu la zamani, ikawa nyepesi. Nikafunga lile la spea, ikawa nzito. Diploma yangu haikuwa na somo hilo.

Alasiri moja mvua ilinyesha mpaka sebule ikawa na giza. Nilikuwa napiga pedali, uzito ukiwa palepale nyuma, nikasikia sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, karibu na bega langu.

"Kaka, tumefika wapi?"

Nyie mngefanya nini? Mimi niligeuka. Kwenye keria alikaa mtu mwenye shati lililolowa na kumganda mwilini, miguu ameitanua ili isiingie kwenye spoku, kama abiria yeyote mstaarabu. Amekumbatia kifuko. Nilitaka kuruka, lakini miguu yangu iliendelea kupiga pedali yenyewe.

"Makanyagio," nikasema.

"Bado Makanyagio?" Akashusha pumzi. "Unaendesha vizuri, kaka. Sijawahi kupakiwa na mtu mwenye nguvu hivi. Lakini kila siku tunaondoka, na kila siku unanishusha hapahapa. Chumvi inalowa. Mama Editha ananisubiri."

Hata katika hofu ile, sitadanganya, sifa zile zilinifurahisha. Nikasimama. Gurudumu lilipoacha kuzunguka hakukuwa na mtu, ila sakafu chini ya keria ilikuwa na dimbwi. Bati la nyumba ile niliezeka mwenyewe, halivuji. Nikachovya kidole, nikaonja. Maji yalikuwa ya chumvi.

Mama hakushangaa. Aliniuliza swali moja tu: mwenye gurudumu yuko wapi? Sikuwa nimeuliza. Ninyi huwa mnauliza?

Kesho yake nilimkuta yule kijana sokoni, akatazama chini kabla sijamaliza kusema. Gurudumu lilikuwa la kaka yake, Baba Editha. Alikuwa anarudi nyumbani Mwese na chumvi ya familia, akajaribu kuvuka kijito kilichofurika, maji yakamchukua. Walimpata, wakamzika. Gurudumu lilionekana baadaye, likiwa limenasa kwenye mizizi.

"Na matanga?" nikamuuliza.

"Bado hayajaanuliwa, braza. Shida ilinibana."

Hapo nikaelewa. Kwetu, vitu vya marehemu havigawanywi mpaka matanga yaanuliwe na wazee wavigawe mbele ya watu wote. Kabla ya hapo bado ni vyake. Na kama bado ni vyake, nani atamkataza kupanda?

Nilipomweleza Mama, akasema, "Basi mpeleke, baba. Mtu akikuomba lifti humwachi njiani."

Mvua ilipokatika nilifunga lile gurudumu kwenye baiskeli, na tairi lake kipara, nikaondoka alfajiri. Alikuwepo. Tope, mashimo, mchanga, na mtu mzima nyuma yangu, mwingine angerudi. Kwenye kile kijito nilihisi mikono miwili ikinishika kiunoni, baridi kama bomba. Nikamwambia, "Shikilia, ndugu yangu, tunavuka." Tukavuka.

Halafu tukafika milima ya Mwese. Mnajua desturi yetu: kwenye mlima abiria hushuka. Nilikuwa nimechoka hata sioni mbele, na ghafla baiskeli ikainuka nyuma, ikawa nyepesi. Nikadhani ameniacha. Kumbe ameshuka anisaidie. Mkono ulikuwa kwenye keria, unasukuma, taratibu, bila kuchoka, mpaka juu. Nililia, mimi mwenye diploma.

Jua linazama niliingia uani kwao. Mama Editha alikuwa anapepeta mahindi. Sikuwa nimefungua mdomo. Aliangalia nyuma yangu, akaweka ungo chini, akasema polepole, "Karibu. Umechelewa." Baiskeli ikatikisika mara moja, kama mtu anavyoshuka.

Matanga yalipoanuliwa nilikuwepo. Wazee waligawa vitu vyote, na gurudumu wakanipa mimi, mbele ya watu, yule mdogo wake aliyeniuzia akiwemo.

Mashindano nilishinda. Kwenye mlima wa mwisho Wasukuma walibaki nyuma, na mji mzima ukasema ni elimu ya Ulaya. Nikawaacha waseme. Lakini mlima ule sikuupanda peke yangu, na mpaka leo, nikiendesha kwenye mlima wowote, ule mkono upo.

Basi, wewe unayenunua spea mtaani, uliza kwanza mwenyewe yuko wapi. Na gurudumu usilolijua usilizungushe mahali pamoja. Huenda kuna mtu amelipanda, anadhani anaenda nyumbani.